Damu Ikiwa Bado Hai

Seli nyekundu ya damu ndiyo seli ya kwanza ambayo kila mwanafunzi wa maabara huchora, na ndiyo ya kwanza kumchosha. Duara moja, kivuli katikati, haina kiini, upana maikromita 7 hadi 8, huishi siku 120 hivi, basi. Ukianza kazi hospitalini hali ni ileile. Kutwa uko juu ya slaidi za malaria, na seli nyekundu unazipita kwa maelfu ukitafuta vimelea. Daktari akitaka kujua wingi wa damu, mashine inampa namba. Nani ana muda wa kuitazama seli yenyewe?

Muda huo niliupata nilipohamia kwenye kituo cha utafiti mkoani Tanga. Kazi yetu ilikuwa vimelea vya malaria na seli vinazoziingia. Aliyekuwa akiniongoza ni mzee mmoja ambaye sote tulimwita Mwalimu ingawa hakuwahi kushika chaki. Hakunipa cha kusoma. Alinichoma kidole, akachanganya tone la damu na maji ya chumvi ya asilimia 0.9, akafunika kwa kioo chembamba, hakupaka rangi yoyote.

"Usihangaike na katikati," aliniambia. "Tazama ukingo."

Ukingo ulikuwa unatetemeka. Sisemi seli zilikuwa zinaelea huku na huko, hilo lilikuwepo pia. Ukingo wenyewe wa kila seli ulikuwa ukipanda na kushuka kwa mawimbi madogo mno, bila kupumzika. Miaka yote ya hospitalini sikuwa nimeliona hilo, na sababu yake ni nyepesi. Slaidi nyembamba ya malaria hukaushwa, huzamishwa kwenye methanoli, ndipo hupakwa rangi ya Giemsa. Methanoli huua kila kitu na kukigandisha mahali pake. Kimelea unamwona vizuri sana, lakini seli imeshakufa, na seli iliyokufa haina tabia.

Mtetemo huo una chanzo. Utando wa seli nyekundu ni mwembamba na mlaini, na chini yake umetandazwa wavu wa protini iitwayo spektrini ambao huushikilia usipasuke. Molekuli za maji zinazougonga kutoka ndani na nje zinatosha kuufanya uyumbe, na nishati ya seli yenyewe huongezea. Jambo hili liliripotiwa tangu karne ya 19, lakini ilibidi zije kamera za kasi na kompyuta ndipo mtu aweze kulipima. Utando unaocheza sana umelegea, unaocheza kidogo umekazika. Nitalirudia hilo mbele kidogo, kwa sababu kuna watoto wa Kilifi, pwani ya Kenya, ambao kukazika kwa utando kumewafaa sana.

Ulaini huu si pambo. Vishipa vingi vidogo vya mwilini ni vyembamba kuliko seli inayotakiwa kupita humo, kwa hiyo inajikunja, inapenya, inatoka upande wa pili na kurudia umbo lake. Kwenye bandama mtihani ni mgumu zaidi, kwani kuna nyufa ambazo upana wake haufiki hata maikromita moja. Seli iliyozeeka au kukakamaa hushindwa kupita, nayo huondolewa hapohapo. Mtu akiwa amepumzika, damu yake huzunguka mwili mzima kwa takriban dakika moja. Ukipiga hesabu ya siku 120, seli moja inakuwa imepita njia hiyo zaidi ya mara laki moja na nusu kabla ya kustaafishwa.

Siri iko kwenye nafasi iliyobaki. Seli nyekundu ina utando mwingi kuliko unaohitajika kuufunika ujazo wake, ziada ya karibu asilimia 40 ukiilinganisha na tufe la ujazo uleule. Ziada hiyo ndiyo inayoiruhusu kujipinda bila kupasuka. Jaribio la kuonyesha hili ni la bei rahisi mno, na vijana wa mafunzo hulipenda. Unaweka damu kidogo kwenye tyubu mbili, moja ya maji ya chumvi, nyingine ya maji matupu. Ya kwanza inabaki nzito, haipitishi mwanga. Ya pili, baada ya muda mfupi, inakuwa nyekundu angavu, na ukiweka gazeti nyuma yake unasoma maandishi bila taabu. Maji yameingia ndani ya seli, ziada ya utando imejaa mpaka imekwisha, seli zimepasuka na himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, imemwagika. Ukifanya kinyume, ukaziweka kwenye chumvi kali, maji yanatoka na seli zinasinyaa na kuota miiba pande zote.

Miiba hiyo imenifundisha adabu. Damu iliyokaa mezani tangu asubuhi ndani ya tyubu yenye dawa ya kuzuia kuganda, tena kwenye joto la Tanga, itaota miiba ingawa mwenye damu hana ugonjwa wowote. Kioo chenyewe cha slaidi kinaweza kuziotesha miiba. Msimu wa masika kuna kasoro nyingine. Hewa imejaa unyevu, slaidi inachelewa kukauka, na seli zinabaki na vitobo vinavyong'aa ambavyo mgeni wa kazi atadhani ni vimelea vya aina mpya. Tulikuwa na feni ndogo ya mezani kwa kazi hiyo tu, na hakuna aliyeruhusiwa kuielekeza usoni kwake, hata mwezi wa pili.

Kwa hiyo swali la kwanza katika maabara yetu halikuwa "damu hii ni ya nani" bali "imetoka mkononi saa ngapi". Tuliandika saa kwenye tyubu, saa mbili na robo, saa nne kasoro dakika kumi. Sampuli isiyo na saa haikutazamwa umbo. Wageni walituona tuna makuu. Lakini ukitaka kusema kitu kuhusu tabia ya seli, ni lazima kwanza ujue kama unachokiona kimetoka kwa mtu au kimetengenezwa na meza yako.

Nilipofika kwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipinda seli nyekundu, ndipo nilipoona uzito wa jambo hili.

Wengi wetu picha tunayoijua ni ile ya seli zilizopinda, nyembamba, zenye ncha. Ndiyo picha aliyoichapisha daktari James Herrick wa Chicago mwaka 1910, kutokana na damu ya kijana wa Grenada, Walter Clement Noel, aliyekuwa amekwenda Marekani kusomea udaktari wa meno. Picha hiyo ni ya kweli, ila inamfanya mtu afikiri kwamba mgonjwa ana seli za umbo hilo saa zote. Mwaka 1927 watafiti Hahn na Gillespie waliweka seli hai chini ya hadubini na kubadilisha hewa inayozizunguka. Oksijeni ikitolewa zinapinda, ikirudishwa nyingi zinanyooka tena. Umbo halikuwa hali ya kudumu, lilikuwa tukio. Hayo mengine yalifuata baadaye. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba tofauti iko kwenye himoglobini yenyewe, na miaka michache baadaye Vernon Ingram akaikuta tofauti hiyo ni asidi amino moja tu: valini imekaa mahali pa asidi ya glutamiki.

Hospitali nyingi bado hupima kwa njia ya zamani. Tone la damu linachanganywa na kemikali inayokula oksijeni, linafunikwa, pembeni linazibwa kwa vaselini, halafu unasubiri. Kitabu kinakwambia usome baada ya muda fulani, na watu huenda kunywa chai. Mimi nilizoea kukaa nikitazama. Mwanzoni hakuna kitu. Seli ni za mviringo, zinatetemeka vizuri tu. Halafu moja inapata kona, kisha jirani yake, na baada ya hapo zinafuatana haraka kiasi kwamba huwezi kuamua utazame ipi. Ule utulivu wa mwanzo ndio uliokuwa ukinishangaza. Oksijeni imeshapungua, himoglobini ni ileile mbovu, mbona hazipindi mara moja?

Jibu lilipatikana miaka ya 1970, kwa kazi ya William Eaton na James Hofrichter. Himoglobini ya selimundu ikikosa oksijeni haijiungi kuwa nyuzi papo hapo. Kuna kipindi cha kuchelewa, kisha nyuzi zinaanza na kuongezeka kwa ghafla. Urefu wa kipindi hicho unategemea sana jinsi himoglobini hiyo ilivyosongamana ndani ya seli. Tofauti ndogo ya msongamano huleta tofauti kubwa mno ya muda. Kwa kuwa seli hukatiza kishipa kidogo kwa muda wa sekunde moja hivi, kinachoamua ni kama itakuwa imeshatoka upande wa pili kabla nyuzi hazijaanza. Ikiwahi kutoka na kurudi mapafuni kuchukua oksijeni, haipindi. Ikichelewa, inakakamaa humo ndani, na wenzake wanajazana nyuma yake.

Niliwahi kuulizwa na bibi mmoja aliyekuwa akimleta mjukuu wake kliniki. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono palepale kwenye korido.

"Mwanangu, wewe si ndiye mwangalia damu? Hebu niambie. Kila nikija hapa naambiwa anywe maji, anywe maji. Ugonjwa wa kuzaliwa nao, maji yanaufanya nini?"

Nikamweleza kwamba mtoto akikaukiwa, hata seli zake hukaukiwa, kile kilichomo ndani husongamana, na kikisongamana hukamatana mapema, kabla seli haijamaliza kupita kwenye kishipa. Akiwa na maji ya kutosha, seli hupata nafasi ya kuwahi. Akanyamaza kidogo.

"Kumbe kazi ni kuiwahisha," akasema.

Sijasikia daktari aliyelieleza vizuri kuliko hapo. Na ukishalielewa hivyo, dawa ya haidroksiurea nayo inaeleweka. Mtoto mchanga mwenye selimundu huwa hana shida miezi ya mwanzo kwa sababu bado ana himoglobini aliyokuwa nayo tumboni, ambayo haijiungi kwenye zile nyuzi. Haidroksiurea huufanya mwili uendelee kutengeneza himoglobini hiyo, kwa hiyo kipindi cha kuchelewa kinarefuka. Huko Marekani utafiti mkubwa uliothibitisha kwamba inapunguza maumivu kwa watu wazima ulitoka mwaka 1995. Kwetu ilichelewa, na moja ya sababu lilikuwa swali la haki kabisa: dawa inayochezea seli za damu haitamfungulia mtoto mlango wa malaria? Ugandani, hospitali ya Mulago, swali hilo lilijaribiwa na majibu yakatoka 2017: malaria haikuongezeka. Mwaka 2019 yakaja majibu ya utafiti mkubwa zaidi uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda kwa watoto 606. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na malaria nayo ikapungua. Hapo Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wa selimundu wamekuwa wakifuatiliwa kitafiti tangu 2004, na mengi tunayoyajua kuhusu mtoto wa Kitanzania mwenye ugonjwa huu yametoka huko.

Tangu mwisho wa 2023 kuna pia tiba ya kurekebisha jeni, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani, ambayo nayo kazi yake ni kuirudisha ile himoglobini ya mtoto mchanga. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Naipita.

Huwezi kukaa kwenye selimundu pwani hii bila kukutana na malaria. Aliyeunganisha mambo hayo mawili alikuwa Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Mwaka 1949, alipokuwa kwenye msafara wa wanafunzi wa Oxford, alikusanya damu sehemu mbalimbali za Kenya akaona kwamba watu wenye jeni moja la selimundu ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache nyanda za juu kwenye baridi. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake, na takwimu za baadaye zimempa haki: mwenye jeni moja ana kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Mwenye mawili ndiye mgonjwa.

Kuna sehemu ya kazi ya Allison ambayo husimuliwa kwa haraka. Ili kuthibitisha, aliwaambukiza malaria makusudi Waluo 30, watu wazima waliojitolea, nusu wana jeni moja, nusu hawana. Wenye jeni waliopata vimelea ni 2 kati ya 15. Wasio nalo ni 14 kati ya 15. Walitibiwa. Lakini ilikuwa Kenya ya mkoloni, na kila nikizisoma namba hizo najiuliza waliambiwa nini, kwa lugha gani, na kama kukataa kulikuwa rahisi kama kukubali. Matokeo yake nayatumia kila siku, na hilo halinipunguzii swali.

Labda linanisumbua kwa sababu kazi yetu ilitegemea watu kukubali. Seli hai haziagizwi kwa parseli kutoka mbali. Ukitaka kuona kimelea akiingia kwenye seli, unahitaji damu iliyotoka karibuni, ya mtu unayeweza kumrudia, na mtu huyo anaishi kijijini. Pwani ukitembea na sindano na tyubu, neno mumiani linakutangulia. Tangu enzi za mkoloni watu wamesimuliana habari za wanaokamata wapita njia na kuwanyonya damu ikauzwe, na anayedhani hadithi hizo zimekwisha hajawahi kushuka kwenye gari la utafiti saa kumi na mbili asubuhi.

Kwenye kijiji kimoja tulikalishwa barazani kwa mwenyekiti, wazee wamejipanga. Mmoja akaanza bila kuzunguka: "Damu mnayoichukua mnaiuza wapi?"

Nilichojifunza ni kwamba swali hilo halijibiwi kwa kusema hatuuzi. Linajibiwa kwa vitu. Tuliitoa tyubu tupu ikazungushwa mikononi mwao. Tukamimina maji ya kiasi kilekile kwenye kijiko cha chai, mililita 5, kijiko kikajaa. Tukaeleza inakwenda chumba gani, inakaa siku ngapi, inatupwaje. Mwalimu alikuwa amekuja na hadubini ndogo na betri ya gari, akachoma kidole chake mwenyewe, akawaita mmoja mmoja watazame ukingo. Walitazama kwa zamu, akina mama nao wakaja, na mazungumzo yakawa mengine kabisa. Mzee yule aliyeuliza habari za kuuza alikaa kwenye hadubini kuliko wote. Alipoinuka akauliza swali la pili, ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko la kwanza: "Na mkishajua mnachotafuta, mtarudi kutuambia?"

Tulirudi, ingawa haikuwa kwenye bajeti. Bajeti za utafiti zina fungu la mafuta ya kwenda kuchukua damu, na mara nyingi hazina fungu la mafuta ya kurudisha majibu. Hilo ni jambo la kuandikwa kwenye ombi la fedha tangu mwanzo, na tangu hapo mimi huandika.

Damu hiyo tukiifikisha maabara tulikuwa tukiiosha na kuwalisha vimelea. Njia ya kukuza vimelea vya malaria nje ya mwili ilipatikana 1976, na watafiti Trager na Jensen waliifanya kwa mtungi wa kioo na mshumaa. Unaweka sahani zako ndani, unawasha mshumaa, unafunika, na mshumaa unapozimika oksijeni iliyobaki ni kidogo kiasi kinachowapendeza vimelea. Mitungi ya gesi ilipochelewa kufika, mshumaa wa dukani ulitufaa vilevile. Vimelea wanataka kubadilishiwa chakula kila siku, hawajui Jumapili wala Idi, na ukiwasahau maji yao yanageuka kutoka wekundu kuwa manjano. Ndoa kadhaa za jamaa zangu nimezihudhuria nikiwa nimepitia maabara kwanza.

Ila siku ukibahatika kuona kimelea akiingia, unasamehe yote. Seli mama inapasuka, vimelea wadogo wanatawanyika, kila mmoja ana dakika chache tu za kupata seli mpya kabla ya kufa. Mmoja anagusa utando. Seli inajikunja pale alipogusa, kama inamzungushia ukingo wake, yeye anajigeuza mpaka kichwa kielekee ndani, na anazama. Tendo zima halifiki dakika mbili. Kisha seli inaota miiba, ileile miiba ya chumvi kali, inakaa hivyo dakika kadhaa, halafu taratibu inarudia umbo lake na yeye yumo ndani. Baada ya saa 48 atakuwa ameshazaliana na kuipasua. Kwenye slaidi ya Giemsa ungeona pete ndogo ya zambarau tu.

Sasa narudi kwa watoto wa Kilifi. Pwani ya Kenya kuna watu wenye aina ya damu iitwayo Dantu, ambayo haihusiani na makundi ya A, B na O tunayoyajua. Ilishajulikana kwamba watoto wenye Dantu hawapati malaria kali kirahisi, lakini haikujulikana kwa nini. Mwaka 2020 Silvia Kariuki na wenzake, wa Kilifi pamoja na wa Cambridge, walichapisha jibu. Walichukua damu ya watoto 42 wenye afya, wasio na jeni la Dantu, wenye moja na wenye mawili, wakawatazama vimelea wakijaribu kuingia, na wakapima jinsi ukingo wa kila seli unavyotetemeka. Seli za Dantu zilitetemeka kidogo zaidi. Utando wake umewambwa, kama ngozi ya ngoma iliyopashwa moto. Kimelea anagusa, anasukuma, na utando haujikunji kumpokea. Walipochunguza zaidi wakakuta kuna kiwango fulani cha kukazika ambacho kikipitwa kimelea hapiti, na kanuni hiyo haiwahusu wenye Dantu peke yao. Hata kwenye damu ya mtu wa kawaida seli hazikazi sawa, na zile zilizokaza zaidi ndizo zinazosalimika.

Siku makala hiyo ilipofika mikononi mwetu niliisoma nikiwa nimesimama. Niliona tunagawana mtetemo uleule, wao kwa kompyuta na kamera, sisi kwa macho. Kwangu lililonivutia zaidi ni kwamba ukazaji huo ni mdogo. Seli ya Dantu bado inapita kwenye vishipa, bado inavuka bandama, mtoto anakimbia na wenzake. Imekaza kiasi cha kumzuia kimelea, haikukaza kiasi cha kumdhuru mwenye damu. Kwenye selimundu gharama ya kinga analipa mtoto aliyerithi majeni mawili, na inalipwa kwa maumivu.

Baada ya kusema yote haya kuhusu seli hai, sina budi kusema pia kwamba hadubini inaweza kukutisha bure, hata ukiwa umeandika saa kwenye kila tyubu.

Chupa ya damu ya benki huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 6 za Selsiasi, siku 35 au 42 kutegemea dawa iliyomo. Chukua tone kutoka chupa ya wiki ya tano ulitazame. Ni huzuni. Seli nyingi zimeota miiba, nyingine zimekuwa tufe, ulaini umepungua, na kemikali inayosaidia himoglobini kuachia oksijeni imekaribia kwisha. Mtu wa maabara akiona vile hujiapiza kwamba mwanawe akiumwa ataongezewa damu mpya tu. Hata mimi niliwahi kumpigia simu binamu yangu aliyekuwa na mtoto wodini, nikamwambia aulize tarehe ya chupa.

Jambo hili lilijaribiwa Mulago, Kampala, mahali panapofaa kabisa kulijaribu, kwa watoto 290 waliopungukiwa sana damu, wengi kwa malaria au selimundu, waliofika wakiwa mahututi. Nusu walipewa damu ya siku 1 hadi 10, nusu ya siku 25 hadi 35. Matokeo yalichapishwa Desemba 2015: watoto wa damu ya zamani walipata nafuu sawasawa na wa damu mpya. Seli zikirudi kwenye mwili wenye joto, sukari na mzunguko, nyingi hujirekebisha. Ile kemikali hurudi, miiba hupungua, zisizofaa bandama huzitoa. Nilichokuwa nakiona kwenye kioo kilikuwa kweli, lakini kilikuwa kweli ya kwenye kioo.

Kwa hiyo siku hizi ndugu wakinipigia simu kuuliza tarehe ya chupa, nawaambia muda ukiwa haujapita waipokee, wasimcheleweshe mtoto kwa kusubiri mpya. Waulize kitu kingine: kama damu imepimwa magonjwa, kama kundi limelinganishwa, na kama friji ya benki ilikuwa na umeme usiku kucha. Chupa iliyopata joto kwa sababu jenereta iligoma haipewi mtu, hata kama ilitolewa juzi.